Kwenye kamati ya amani, nani atashika birika?

Swali: "Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama 23 hapa Mathare, Nairobi. Tuko makabila manne ndani ya chama kimoja. Mwaka wa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, tulipoteza mali, na wenzetu wengine walipoteza watu. Sasa uchaguzi unakaribia na chifu anataka tutoe wanawake wawili waingie kamati ya amani ya mtaa. Mara ya mwisho tulipoitwa tuliimba, tukapika chai, tukapewa tisheti na nauli, basi. Mume wangu anasema vita ni vya wanaume na wanaume ndio watakaovimaliza. Je, kuna mahali wanawake wamewahi kumaliza vita kwelikweli, ama haya ni maneno ya semina? Na tukikubali kwenda, tuitishe nini?"

Jibu:

Dada mweka hazina, barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonikaa ni lile "basi" uliloliweka baada ya nauli.

Nianze na mzee wako wa nyumbani, maana ana nusu ya ukweli. Wanaoshika panga na bunduki, wengi wao ni wanaume. Lakini vita vina jiko. Kuna anayewaficha vijana usiku, anayefua shati lenye damu bila kuuliza, anayechangisha pesa za petroli, anayepiga simu mtaa wa pili kusema "wameshaanza, hameni". Kuna pia anayeimba. Kwa wafugaji wengi wa kaskazini, kijana aliyerudi na ng'ombe wa wizi alipokewa kwa vigelegele, na aliyerudi mikono mitupu akachekwa hadi akatamani kurudi porini usiku huohuo. Waliopiga vigelegele ni mama zake na dada zake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mwanamke huzaliwa na amani tumboni. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake nchini Rwanda mwaka wa 1994. Juni 2011 mahakama ya kimataifa pale Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari, na miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo ni ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake. Rufaa ya 2015 ilipunguza kifungo hadi miaka 47.

Nalisema hili mapema kwa sababu mkiingia kwenye kamati na hoja ya "sisi ni kina mama, tuna huruma", mtapewa kazi za huruma: kuomba dua, kuimba, kuchemsha maji. Wanawake ambao nimefuatilia kazi yao na kuona imefaulu walikuwa na kitu mkononi ambacho wapiganaji na wakubwa wao walikihitaji. Mkono mtupu haulambwi.

Twende Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa sababu hapo ndipo ilipoanzia hata hiyo kamati mnayoalikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo matatu yalikutana kule. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991 na bunduki zikavuka mpaka kama sukari ya magendo. Kisha ukaja uchaguzi wa 1992, na kila kiti kikageuzwa kuwa mali ya ukoo. Waajuran, Wadegodia na Waogaden wakachinjana hadi vita vikaingia mjini, na kutoka mjini vikaingia sokoni: mwanamke wa ukoo mmoja akawa hawezi kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Wewe unaishi na watu wanaokula kwa walichouza leo, unajua maana ya soko kufungwa kwa kabila.

Mwaka wa 1993 kikundi kidogo cha wanawake wa mjini, akiwemo mwalimu kijana aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi, kiliamua kuanzia hapohapo. Hawakwenda kwanza kwa mkuu wa wilaya wala kwa wazee. Walikaa na wauzaji wa koo zote, wakakubaliana kwamba soko ni la kila mtu, kisha wakaweka watu wa kuzunguka sokoni kila siku. Aliyemfukuza mnunuzi kwa sababu ya ukoo alifuatwa siku ileile, jambo likazungumzwa kabla halijawafikia vijana wenye silaha. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee, na wazee hawakuweza kuwapuuza watu waliokwisha kufanya kile ambacho serikali na jeshi vilishindwa. Septemba 1993 wazee wa koo walikubaliana juu ya Azimio la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurudisha amani. Vijana wakaingia, wafanyabiashara wakaingia, viongozi wa dini wakaingia. Kufikia 1995 kazi yote hiyo iliunganishwa na mfumo wa serikali wa wilaya kwa jina la Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Wilaya nyingine zikaiga, na baada ya 2008 kamati za aina hiyo zikasambazwa nchi nzima.

Yaani kamati ya amani ya Kenya ina mama zake, na mama hao walikuwa sokoni. Kumwita mwanamke wa Mathare kwenye kamati hiyo ili apike chai ni sawa na kumwita mwenye nyumba aje afagie ua kisha arudi alikotoka.

Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, na Kenya ilipowaka miezi michache baadaye alikuwa Nairobi, katika kikundi cha Wakenya wachache, akiwemo balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo, waliokutana kila asubuhi kuunganisha habari za nchi nzima na kusukuma mazungumzo. Alifariki mwaka wa 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Hakuwahi kuwa mbunge wala waziri.

Sasa umeuliza kama kuna mahali wanawake walimaliza vita kwelikweli. Mfano ninaoutumia daima ni Liberia, na nitaueleza pamoja na mabaya yake, kwa sababu semina huukatia katikati pale penye makofi.

Vita vya pili vya Liberia vilianza 1999. Mwaka wa 2003 wanawake wa makanisa wakiongozwa na Leymah Gbowee, na wanawake Waislamu waliokusanywa na askari polisi aliyeitwa Asatu Bah Kenneth, waliungana. Walivaa fulana nyeupe, wakaketi uwanjani karibu na soko la samaki jijini Monrovia, kwenye barabara aliyopitia Rais Charles Taylor na msafara wake. Jua, mvua, wako pale. Walitaka jambo moja tu, linaloweza kusemwa na mtu ambaye hajawahi kuona daftari: vita vikome, pande zote ziketi. Taylor akakubali kuwaona Aprili mwaka huo, akakubali kwenda kwenye mazungumzo nchini Ghana.

Kule Accra wababe wa vita walilala hotelini kwa wiki nyingi huku mabomu yakianguka Monrovia. Walikula vizuri, vyumba vimelipiwa, hakuna aliyekuwa na haraka. Julai, wanawake wapatao 200 wakaketi kwenye milango ya ukumbi wakashikana mikono: hakuna kutoka mpaka mkubaliane. Askari walipokuja kumkamata Gbowee, akaanza kuvua nguo.

Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa maana ya mwanamke mzima kujivua nguo mbele ya wanaume wenye umri wa wanawe. Nairobi iliona jambo hilo Machi 1992 pale Uhuru Park, kwenye Kona ya Uhuru. Mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, waligoma kula wakidai watoto wao waachiliwe. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi, baadhi yao wakavua nguo. Askari waligeuza nyuso. Mama hao wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na vijana wao wengi wakaachiliwa 1993. Kule Pokot na Marakwet nako kuna mkanda uitwao leketyo, anaovaa mwanamke wakati wa ujauzito. Mwanamke akiuweka chini kati ya wanaume wanaopigana, kuuruka ni kujitafutia laana. Sitaki kulikuza jambo hili. Ni silaha ya mwisho, na hufanya kazi pale tu ambapo wanaume bado wanaogopa laana ya mama. Bunduki zilipozidi na wizi wa mifugo ulipogeuka biashara, kuna mahali mkanda umerukwa.

Turudi Accra. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, alitoka akawasihi wanawake wale. Wakampa masharti: wajumbe wahudhurie vikao bila kukosa, na wasiwatukane wanawake wakipita. Taylor aliondoka madarakani tarehe 11 Agosti 2003, na mkataba ukatiwa saini tarehe 18. Je, wanawake ndio waliomaliza vita? Hapana, si peke yao. Waasi walikuwa wameizingira Monrovia, Taylor alikuwa amefunguliwa mashtaka na mahakama maalumu ya Sierra Leone, Marekani ilileta meli za kivita pwani, majirani walichoka. Wanawake walifanya lile ambalo hakuna mwingine aliyekuwa akilifanya: waliwanyima wakubwa raha ya kuchelewa.

Kisha sehemu ambayo semina huikata. Desemba 2003 Umoja wa Mataifa ulianza kukusanya silaha bila kuwasikiliza wanawake, wapiganaji wakafurika kuliko ilivyotarajiwa, fujo na risasi, zoezi likasimamishwa hadi mwaka uliofuata. Wanawake wakatembelea kambi za wapiganaji kuwaeleza utaratibu. Wakasajili wapiga kura wanawake soko kwa soko, na mwaka wa 2005 Ellen Johnson Sirleaf akachaguliwa, rais mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Afrika. Uchaguzi uleule ukampa Prince Johnson, mbabe wa vita aliyejulikana dunia nzima kwa ukatili wake, kiti cha seneta. Gbowee na Sirleaf walipata Tuzo ya Nobel 2011. Wengi wa wale waliokaa juani wakarudi kuuza samaki. Asante ya punda, Waswahili walisema, ni mateke.

Hapo ndipo nataka utie akili zaidi kuliko kwenye hadithi ya milango. Kuzima moto ni kazi ya siku, na wanawake huitwa. Kugawana kilichobaki ni kazi ya miaka, na hapo huachwa nje.

Mfano wa karibu na nyumbani ni Mbagathi, Nairobi. Kati ya 2002 na 2004 Wasomali walifanya mkutano wao wa amani hapa Kenya, kwanza Eldoret kisha Mbagathi. Viti viligawanywa kwa koo. Mwanamke alikosa pa kukaa: ukoo wa baba ulisema ameolewa, ukoo wa mume ulisema si wetu. Asha Haji Elmi na wenzake walikuwa wamekwisha kulipatia jambo hilo dawa kwenye mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka wa 2000. Palikuwa na makundi matano ya koo, wao wakajitangaza kuwa ukoo wa sita, ukoo wa wanawake. Kule Arta wakapata viti 25 kati ya 245 vya bunge la mpito. Januari 2004 hapa Nairobi Asha akatia saini makubaliano pamoja na wanaume. Katiba ya mpito ikaahidi wanawake angalau asilimia 12 ya bunge. Viti vilipogawanywa na wazee wa koo, asilimia hiyo haikufikiwa. Ahadi ilikuwa kwenye karatasi, kalamu ya majina ilikuwa kwa wazee.

Dada, ninyi mko makabila manne kwenye daftari moja la akiba. Ninyi ni kabila la tano la Mathare. Mna kitu ambacho mwanasiasa hana: watu wanaoaminiana kwa pesa. Mtu akikuamini na shilingi zake 200 kila Jumapili, mwaka 2008 ukiwa nyuma yenu, hiyo ni amani iliyokwisha kuandikwa na kuwekwa sahihi. Msiichukulie kama kitu kidogo cha kina mama.

Pengine unajiuliza kuhusu mazungumzo ya 2008 pale Hoteli ya Serena, Nairobi. Baada ya ghasia zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na kuwafukuza zaidi ya laki sita makwao, jopo la wasuluhishi, Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, liliketi na wajumbe wanane. Wawili kati yao walikuwa wanawake, Martha Karua upande wa serikali (PNU) na Sally Kosgei upande wa upinzani (ODM). Kwa viwango vya dunia hiyo ilikuwa nyingi. Kati ya 1992 na 2019 wanawake walikuwa asilimia 13 tu ya wajumbe kwenye mazungumzo makubwa ya amani, na asilimia 6 ya waliotia saini. Hata hapa kwetu, mkataba wa Sudan uliotiwa saini uwanja wa Nyayo tarehe 9 Januari 2005, ule uliozaa nchi ya Sudan Kusini, ulijadiliwa Machakos na Naivasha na wanaume watupu karibu wote. Lakini Karua alikwenda Serena kutetea chama chake, na alikitetea kwelikweli, hakuna aliyemwona laini. Ndivyo alivyotumwa. Ajenda ya wanawake ilipelekwa na wengine: Januari 2008 wanawake wa mashirika mbalimbali walikutana Nairobi, wakakiri kwanza kwamba wao wenyewe wamegawanyika kwa kabila na chama, ndipo wakaandika waraka mmoja wakaukabidhi kwa jopo. Kukiri kule ndiko ninakokuheshimu zaidi. Vikundi vingi vya wanawake huruka hatua hiyo, vinaimba umoja huku kila mtu akijua nani alimchomea nani kibanda.

Mtasikia pia kwenye mafunzo kwamba wanawake wakishiriki, mkataba una uwezekano wa asilimia 35 zaidi wa kudumu miaka 15. Takwimu hiyo ipo, ilitokana na uchambuzi wa mikataba 182 ya kati ya 1989 na 2011. Itumieni, lakini msiiabudu. Huenda nchi zinazokubali wanawake mezani ni zile ambazo tayari ziko tayari kuelewana. Mimi hushawishika zaidi na sababu ambayo naiona kwa macho: wanawake huleta mezani mambo ambayo yasipotatuliwa vita hurudi. Maji, ardhi ya mjane, mtoto aliyezaliwa kwa kubakwa, nyumba iliyokaliwa na mtu mwingine.

Hiyo nyumba iliyokaliwa, unaijua kuliko mimi. Mathare na Kibera baada ya 2008 kuna wenye nyumba waliopoteza vyumba vyao kwa sababu kabila lao halikuwa "la upande huu", na wapangaji wapya wakakaa bila kodi. Wajane walioishi kwa kodi ya vyumba viwili vya mabati wakawa ombaomba. Hakuna kikao cha Serena kilichofika hapo. Serikali ilipowarudisha wakimbizi wa ndani ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia na 25,000 za nyumba, kwa hesabu ya familia, na waliojisitiri kwa ndugu zao mitaani, badala ya kambini, wengi hawakuhesabiwa hata kidogo. Ikiwa jina la familia ni la mume na mume ameenda zake, unajua pesa ziliishia wapi.

Linganisha na Rwanda. Baada ya 1994 nchi ilijaa wajane, na mabinti hawakuwa na haki ya kurithi ardhi ya baba. Wajane walianzisha chama chao, Avega Agahozo, mwaka wa 1995, na sheria ya 1999 ikawapa watoto wa kike haki sawa ya urithi. Katiba ya 2003 ikatenga asilimia 30 ya nafasi za uamuzi, na 2008 bunge lao likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Watu husifu bunge. Mimi huisifu ile sheria ya urithi zaidi, kwa sababu kiti cha bunge katika nchi ambayo upinzani una nafasi finyu kina mipaka yake, lakini shamba lenye jina lako ni shamba. Sisi katiba yetu ya 2010 inasema vizuri, kifungu cha 27 na cha 81, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge limeshindwa kuitungia sheria mara nyingi, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Na ubakaji. Sijui kama uliliacha kwa makusudi kwenye barua yako, wengi huliacha. Pale Arusha, Septemba 1998, hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ilikuwa ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashtaka ya awali hayakuwa na ubakaji kabisa. Yaliongezwa baada ya mashahidi wanawake kuyataja wakiwa kizimbani, mbele ya majaji watatu ambao mmoja wao alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay. Hapa Nairobi manusura wanane wa 2008 walifungua kesi 2013, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua wanne kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja kwa serikali kushindwa kutimiza wajibu wake. Miaka saba mahakamani, na nusu yao waliondoka bila kitu.

Sasa uliloliuliza mwisho, tuitishe nini.

Ulizeni kwanza kamati ina watu wangapi. Kama ni 15, wanawake wawili ni pungufu, theluthi yake ni watano. Afisa wa serikali akisema hakuna nafasi zaidi za wanawake, mwambieni mpango wa taifa wa kutekeleza azimio namba 1325 la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000, kuhusu wanawake, amani na usalama, ulizinduliwa na serikali yake mwenyewe 2016, na jina lake ni la Kiswahili: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Halafu wachagueni wenyewe, kwa kura, kwenye kikao cha chama. Msikubali chifu awachagulie mama anayemfahamu. Na wawe wa makabila tofauti, wasiwe marafiki wa damu wasioweza kubishana.

Kiti mnachokitaka zaidi si cha mwenyekiti. Ombeni ukatibu. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayejua nani aliahidi nini, na ndiye polisi watakayempigia. Wazee watakupa wakidhani wanakupa kazi ya karani. Wewe pokea.

Saa ya kikao ni siasa. Kikao cha saa kumi jioni kinamwacha nje kila mama mboga. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha aina hiyo, hotelini, meza za mbele zote wanaume, na mama mmoja nyuma akinong'ona kwamba nyanya zake zinaoza Gikomba. Alitoka kabla ya chakula. Nauli nayo iwe sawa kwa wote, mzee na mama. Nimeona tofauti ikifichwa ndani ya bahasha.

Kazi ya kamati wekeni iwe ya soko, kama Wajir. Mitaa yetu hulipuka kwa uvumi. Mna watu 23 walio visimani, sokoni, kliniki na shuleni kila asubuhi. Amueni sasa nani anampigia nani, upande huu na upande ule wa mto, habari ikisikika, na nani anathibitisha kabla ya kusambaza kwenye simu. Wekeni pia watu wa kusimama sokoni wiki ya uchaguzi. Soko la Toi, karibu na Kibera, liliteketezwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Waliolijenga upya walikuwa walewale wauzaji wa kabila hili na lile.

Kisha daftari. Ninyi ni watu wa daftari. Andikeni leo kila mwanachama ana nini: vyumba vingapi, barua ya chifu ya kibanda iko wapi, bidhaa za thamani gani, watoto wangapi. Pigeni picha, tumeni kwa mtu aliye nje ya Mathare. Pesa za chama zisilale kwenye sanduku la mtu usiku wa matokeo. Andikeni kwenye katiba ya chama kwamba mwanachama akilazimika kuhama hapotezi hisa zake. Na afisa wa dawati la jinsia kwenye kituo chenu cha polisi, mfahamuni kwa jina kabla ya balaa: aliyebakwa ana saa 72 za kufika hospitali apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, halafu fomu ya polisi ya P3, na laini ya simu ya msaada ya 1195 ni ya bure.

Jambo moja la kukataa. Msikubali kupatanisha kesi ya ubakaji kwenye kamati, hata wazee wakiweka mbuzi kumi mezani. Watasema mnaharibu amani. Iacheni hiyo amani iharibike.

Na mtaitwa wasaliti. Nakuambia mapema ili usije ukashangaa. Mwanamke anayempigia simu mwenzake wa kabila lingine usiku wa matokeo, akijulikana, atasemwa na watu wake mwenyewe kabla ya wale wengine. Msitembee peke yenu, msihifadhi majina ya namba kwa kabila, na siku mkiona moto umeshinda nguvu zenu, fungeni mlango mkae na watoto. Hakuna aliyewatuma mkafe.

Mzee wako wa nyumbani mpe kazi. Mwambie kamati itahitaji wanaume wa kuzungumza na vijana wa boda boda, maana hao hawatawasikiliza ninyi.

Ama chai, pikeni. Kikao bila chai hakikaliki. Lakini muwe na zamu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, na kwa kuwa katibu ni wako, wiki ya kwanza mwandike mwenyekiti.